Naona Wawili, Nasikia Watatu

Kila asubuhi mikate ya mwanzo ikitoka tanurini, Hamira aliipanga kwenye trei, akajifuta uso kwa mkono uliokuwa na unga kuliko uso wenyewe, akasukuma mlango wa jikoni kwa nyonga na kuingia dukani. Akivuka kizingiti tu, haonekani tena. Trei ilionekana. Mikate ilionekana, na mvuke wake. Wateja waliopanga foleni waliiona trei ikija taratibu kwenye kimo cha kiuno, ikatua juu ya kaunta, kisha mikate ikaanza kujiingiza yenyewe kwenye mifuko ya karatasi. Hakuna aliyeshtuka, maana ndivyo walivyonunua mkate miaka yote. Walitaja walichotaka, wakapewa, wakaiambia rafu asante na kwenda zao.

Hamira lilikuwa jina la utani, alilopewa tangu utotoni kwa tabia yake ya kuumuka haraka akichokozwa, na jina lake la kweli lilikuwa limesahauliwa hata na waliompa. Jikoni alionekana vizuri. Barabarani alionekana, tena kwa mbali, maana hakuwa mwembamba, na wanaume wawili watatu walikuwa wameshageuza shingo. Ni pale dukani tu, kati ya mlango wa jikoni na mlango wa barabarani, chini ya ile picha kubwa, ndipo alipobaki sauti na trei.

Picha yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe, pana kama trei mbili zilizounganishwa. Baba yao amekaa kwenye kiti, kofia kichwani, na wanawe wawili wamesimama huku na huku kama mito ya kochi. Marehemu hakuwa mtu wa makaratasi. Karatasi zina panya wake, alikuwa akisema, ila sijaona panya aliyekula picha ya ukutani. Kwa hiyo duka halikuwa na hati wala mkataba, lilikuwa na picha. Aliyemo pichani ndiye mwenye duka. Asiyemo alikuwa mtu wa nyumbani, basi, na alionekana akiwa nyumbani.

Siku picha hiyo ilipopigwa, Hamira aliambiwa aangalie mikate isiungue. Aliiangalia, na haikuungua. Alipotoka jikoni kuja kutangaza kwamba haikuungua, mpiga picha alikuwa anakunja stendi yake. Mama yao naye hakuwemo. Familia nzima ilikubaliana kwamba mama hakupenda kupigwa picha, ingawa hakuna aliyekumbuka kumwuliza. Mama alikuwa mtu wa jikoni, na hata Hamira hakuwahi kumwona dukani. Alichokikumbuka cha dukani ni kwamba alipokuwa mdogo, akienda kusimama mbele ya kaunta na kukenua meno, skonzi moja ya moto iliinuka kwenye trei ikaja mpaka mkononi mwake, naye akasema, "Asante, duka." Alikua akiamini kuwa duka lile lilipenda watoto. Baadaye mama alifariki, Hamira akaivaa aproni yake na kulichukua beleshi lake refu la kuingizia mikate tanurini, na mambo ya skonzi akayasahau.

Mwaka jana baba naye alifariki, na haukupita muda picha ikaanza kumwachia. Alianza kufifia viatuni, akaendelea kwenda juu, magoti, mkanda, ndevu, mpaka na kofia ikaondoka, kikabaki kiti kitupu katikati ya wanawe wawili. Kiti kilikuwa safi kabisa.

"Hii sasa ni picha ya kiti," alisema Kaka Mkubwa. Yeye ndiye aliyekuwa kifungua mimba na mwenye neno la mwisho, na mara nyingi la kwanza pia. "Tunataka kufungua duka la pili, na huku hata hili la kwanza halijulikani ni la nani. Ipigwe picha mpya."

Kitinda, mdogo wao wa mwisho, mtu mwema ambaye alikubaliana na kila aliyemaliza kusema, alitegesha simu juu ya gunia la unga, akajipiga na kaka yake. Picha ikachapwa, ikatiwa fremu, ikatundikwa. Asubuhi waliikuta sakafuni imelala kifudifudi. Wakabadilisha msumari. Asubuhi ikawa imelala kifudifudi tena. Msumari wa mwisho ulikuwa mrefu hata ukatokeza upande wa pili wa ukuta, jikoni, ambako Hamira aliona haya kuuacha bure akautundikia chekeche la unga. Picha ikaanguka vilevile. Hapo Kaka Mkubwa akatoa uamuzi kwamba picha ya simu haina uzito. Ile ya baba ilipigwa kwa filamu pana ya zamani, unaweza kuhesabu nyuzi za kofia, na ukuta umeshaizoea filamu hiyo. Tabu ni kwamba studio iliyoipiga siku hizi iliuza makava ya simu.

"Kamera nitaitafuta mimi," alisema Hamira. Walikuwa jikoni, kwa hiyo ndugu zake walimwona vizuri, mikono imezama kwenye kinyunga mpaka viwiko. "Lakini safari hii na mimi nimo."

"Mdogo wangu, nyumba yote hii si ni yako?" alisema Kaka Mkubwa. "Bila wewe tungekula nini?"

"Sikuuliza mtakula nini, Kaka. Nimesema na mimi nimo. Nimechoka kupewa asante kupitia rafu."

"Tutaangalia."

Neno hilo lilikuwa la marehemu baba. Alilitumia mahali pa hapana, kwa kuwa ni refu zaidi na linampa mtu nafasi ya kuondoka. Kaka Mkubwa alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mimi naona dada awemo," alisema Kitinda. Kaka Mkubwa akageuka, akamtazama. "Nafasi ikitosha," Kitinda akaongeza.

Mama Miwani aliuza miwani zilizokwisha tumika, saa, redio na kila kitu chenye kioo au skrubu, kwenye chumba chembamba ambamo wateja wawili wakikutana ni lazima mmoja atoke kinyumenyume. Yeye mwenyewe alivaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na Hamira alimkuta akitafuta ya tatu.

"Kamera ya filamu pana," alirudia. "Ya kupiga nini? Harusi, pasipoti, marehemu?"

"Nataka kupigwa, mama. Si kupiga."

"Basi huhitaji kamera. Unahitaji mpiga picha." Lakini alikuwa ameshainama chini ya meza, na aliinuka na mfuko wa ngozi uliokauka, na ndani yake kitu kizito kama mkate wa juzi. Alibonyeza kitufe. Kijimlango cha mbele kikafunguka, na lenzi ikatoka nje juu ya mfuko mweusi wa mikunjo mikunjo. Kiumri ilikuwa imewatangulia wote wawili, na bado ilifunguka bila kulalamika.

"Chungulia hapa nyuma, kwenye kidirisha. Unaniona?"

Hamira aliona Mama Miwani wawili. Mmoja alikuwa imara. Mwingine alikuwa mwepesi, wa rangi ya manjano, amesimama pembeni kidogo kama mtu asiyejua kama amealikwa.

"Zungusha hiyo pete. Yule mwepesi atamwendea mwenzake. Wakiingiana wakawa mtu mmoja, hapo mambo yako sawa, bonyeza."

Hamira alizungusha. Yule wa manjano akasogea, akasogea tena, akaingia mahali pake, na Hamira akasikia raha ambayo hakuitegemea. Alirudia. Alirudia mara nyingi, mpaka Mama Miwani akamwambia aache, atamchakaza.

"Sasa nisikilize, maana hapa ndipo wanapoumia wengi. Hii haikuonyeshi kile inachokiona lenzi. Wewe unachungulia dirishani, yenyewe inatazama mlangoni. Ukisahau kifuniko kwenye lenzi, wewe utaona kila kitu kizuri, utabonyeza, utajisifu, kumbe filamu imekaa gizani muda wote. Na hiki kijiti cha kujipiga mwenyewe kilishakufa, usikiamshe. Filamu moja inatoa picha nane. Ukimaliza niletee, naosha mwenyewe hapo bafuni."

"Kifuniko nitakikumbuka," alisema Hamira.

"Ndivyo wanavyosema wote."

Walipatana bei bila kelele. Hamira aliondoka na mfuko wake begani, akipita katikati ya barabara, akionekana, na watu wakamsalimia.

Usahaulifu haukuwa ugonjwa wa Hamira. Ugonjwa wake ulikuwa kufunika. Anayeishi na unga anajua kuwa unga huingia kwenye saa, huingia masikioni, huingia hata kwenye sabuni. Kwa hiyo mkono wa Hamira ulifunika. Kinyunga kikiwekwa kiumuke, ulikifunika. Ndoo ya maji, ulifunika. Mgeni akigeuka kidogo kujibu salamu, alikuta chai yake imefunikwa kisahani. Mkono huo haukusubiri ruhusa ya kichwa, na kichwa kilishaacha kuufuatilia. Siku kadhaa Hamira alifanya mazoezi jikoni na mkebe wa chumvi, akaufanya uwe miwili, akaufanya uwe mmoja, na kila alipomaliza, mkono ulikirudisha kifuniko kwenye lenzi, taratibu, kama unamlaza mtoto.

Siku ya mapumziko walifunga duka na kumwomba mwalimu wa hesabu, mteja wao wa skonzi mbili, aje awabonyezee. Ndugu wawili walisimama chini ya picha ya kiti, mashati yamepigwa pasi. Hamira alivaa gauni lake zuri, akachana nywele, akaingia dukani, na kamera ikapita hewani ikajipanga yenyewe kwenye stendi. Mwalimu aliyapokea maelekezo bila kujua ageukie wapi. Hakusumbuka, maana miaka mingi darasani ilikuwa imemzoesha kusikia sauti bila kumpata mwenyewe. Hamira aliipangusa lenzi. Mkono ukafunika. Kisha akaenda kusimama katikati ya ndugu zake, akaweka mkono mmoja kwenye bega la huyu na mwingine kwenye bega la yule.

"Vizuri," alisema mwalimu, jicho kidirishani. "Naona wawili."

"Tuko watatu," alisema Hamira.

"Nasikia watatu," alisema mwalimu, ambaye alikuwa mtu wa haki. "Naona wawili."

"Piga tu, Mwalimu. Niko hapa katikati."

Mwalimu alipiga zote nane. Hamira alitabasamu katika zote, hata taya zikamuuma, kwa sababu hakujua ni ipi itakayotundikwa.

Mama Miwani alipotoka bafuni alikuwa ameishika filamu kwa vidole viwili, inachuruzika maji.

"Kifuniko ulikitoa?"

Hamira alifikiri. Aliuona mkono wake ukipangusa, kisha akauona ukifanya kile unachofanya siku zote. "Sikukitoa," alisema.

"Ndiyo maana," alisema Mama Miwani, akaiweka filamu kwenye mwanga.

Filamu iliyokaa gizani ilitakiwa itoke tupu. Hii ilikuwa na picha nane, kali, kila uzi mahali pake, na zote zilikuwa za Hamira. Amesimama dukani mbele ya kaunta, gauni zuri, mkono mmoja umeegemea bega ambalo halikuwepo na wa pili vivyo hivyo. Kwenye unyusi wa kushoto alikuwa amesahau unga. Ndugu zake hawakuwemo hata kwa ukucha. Hamira hakuwahi kujiona ndani ya duka lile. Alifurahi mpaka akaona aibu, akayafuta macho na kusingizia harufu ya dawa.

"Ikiwa wazi inawaona wanaoonekana," alisema Mama Miwani akitafuta vibanio. "Ikifunikwa nadhani inabidi iwatazame waliobaki. Aliyeniuzia hakuniambia, lakini hakuvutana bei hata kidogo, nikajua kuna neno."

Kaka Mkubwa aliipeleka picha chini ya taa ya jikoni, akaitazama kwa karibu, kisha kwa mbali.

"Umependeza," alisema, na alimaanisha.

"Asante, Kaka."

"Lakini sisi hatumo."

"Na ile ya baba mimi simo. Itundikwe hii."

Kaka Mkubwa alicheka kwa upole, kwa sababu alidhani ni utani, na kwa sababu kucheka kulikuwa rahisi zaidi. Akatuma filamu nyingine inunuliwe. Safari hii alikitoa kifuniko yeye mwenyewe na kukitia mfukoni, na mwalimu akabonyeza tena nane. Zilitoka za ndugu wawili, zimenyooka, nyusi kwa nyusi, na kati yao pengo la upana wa mtu mmoja asiye mwembamba. Shati la Kitinda lilikuwa limebonyea begani. Ungeweza kuhesabu vidole.

"Hii ndiyo," alisema Kaka Mkubwa. "Ila hili pengo. Tumeachana namna hii kama watu waliogombana."

"Nimesimama hapo."

"Najua, mdogo wangu. Sasa ukisimama hapo, pengo linabaki. Ukisimama nyuma ya kamera, sisi tunasogeleana." Alisema hivyo kwa nafuu ya mtu aliyegundua bomba linavujia wapi. "Na kusema kweli mashine hii hakuna anayeiweza kama wewe. Mwalimu anabahatisha. Wewe una kipaji, nimeona."

Alivyomvisha kile kilemba cha ukoka, hata hakujua kwamba anamvisha. Hilo ndilo lililomuuma Hamira zaidi. Angekuwa mtu mbaya angalau angegombana naye mpaka kieleweke. Kinyunga cha jioni ile kiliumuka kikasukuma sahani iliyokifunika, kikashuka kwenye beseni, kikavuka meza na kwenda kusimama dirishani. Kitinda alikirudisha kwa mikono miwili, kisha akasema.

"Dada, mimi nilitaka uwemo."

"Ulimwambia?"

"Nilitaka kumwambia."

Hamira alimwonea huruma, akampa kazi ya kuosha beseni.

Siku ya tatu ya picha alisimama nyuma ya kamera. Kwenye kidirisha Kaka Mkubwa alikuwa wawili, mmoja imara, na yule wa manjano pembeni yake. Hamira alizungusha pete. Yule mwepesi alisogea, akamfikia mwenzake, akaingia bila kuulizwa na mtu kama nafasi inatosha. Hamira alimtazama akiingia, na hasira ikampanda mpaka kooni. Kifuniko kilikuwa kwenye lenzi. Mkono ulikuwa umekiweka kama kawaida yake, lakini safari hii kichwa kilikuwa macho, kikaona, kikauambia mkono uache hivyo hivyo. Yeye alikuwa nyuma ya kamera, na kamera haimwoni anayeishika. Filamu itatoka nyeupe pe. Kama mimi simo, alijisemea, basi na nyinyi hamumo.

"Tabasamuni," alisema kwa sauti ya asali. Wakatabasamu zote nane, na yeye pia, kwa sababu zake.

Siku aliyokwenda kuzichukua, Mama Miwani hakuuliza habari za kifuniko. Alikuwa ameshazichapa, na alizipanga juu ya meza moja moja.

"Huyu nani?" aliuliza.

Alikuwa nyuma ya kaunta. Aproni ilikuwa ile ile aliyoivaa Hamira, na tundu lake la kuungua pale nyongani, dogo bado. Amejifuta uso kwa mkono wenye unga, inaonekana. Si kwamba hakupenda kupigwa picha, maana alikuwa ameitazama kamera moja kwa moja, kidevu juu, kama mtu aliyesubiri zamu yake kwa muda mrefu na hatimaye imetajwa. Mkono wa kulia ulipita juu ya kaunta na kushuka upande wa pili, chini, kwenye kimo cha mtoto. Umeshika skonzi.

Hamira alikaa kwenye kiti cha wateja, akavua viatu bila sababu yoyote.

"Nilikuwa naliambia duka," alisema.

"Unaliambia nini?"

"Asante. Nilikuwa naliambia duka."

Akalia sana, kilio cha kitoto chenye kwikwi. Mama Miwani alimpa kitambaa cha kupangusia lenzi, akamwambia abaki nacho, halafu akageuza kibao cha mlangoni ili asiingie mtu.

Nyumbani Kaka Mkubwa aliishika picha, akakaa chini juu ya gunia. Aliitazama hata mikate ikataka kuungua.

"Mama," alisema. "Kumbe alikuwa dukani."

"Miaka yote," alisema Hamira.

Kitinda alikuwa analia waziwazi, kamasi na yote. Kaka Mkubwa alipitisha kidole juu ya ile aproni, akapitisha tena. "Ametoka vizuri," alisema. "Hii haiwezi kukaa kabatini. Hii lazima itundikwe."

Hamira alishika ukingo wa meza. Hakutaka kingine chochote duniani ila kaka yake amalizie sentensi ile vizuri.

"Tuitundike hapa jikoni," alisema Kaka Mkubwa. "Mahali pake. Mama alipenda jikoni."

"Alipenda jikoni," alisema Kitinda.

"Kaka, mtazame. Yuko kwenye kaunta."

"Ndiyo, lakini alikuwa anasaidia tu," alisema Kaka Mkubwa kwa upendo.

Aliitengenezea fremu ya mbao nzuri, bora kuliko ya dukani. Aliitundika mwenyewe, akapima kwa chupa ya maji ili isilale upande, kwenye ncha ya ule msumari mrefu uliotokea upande wa duka. Chekeche la unga likatafutiwa pengine. Picha haikuanguka hata siku moja.

Kisha akakitoa kifuniko, akakitia mfukoni, akamwomba Hamira apige ile ya mwisho. Hamira alisema ana mikate tanurini. Ilikuwa kweli, na ingekuwa uongo angesema vilevile. Akaitwa mwalimu. Jikoni, akiwa na beleshi mkononi, Hamira alisikia kila kitu kupitia mlangoni.

"Naona wawili," alisema mwalimu.

"Na unasikia wangapi?" aliuliza Kaka Mkubwa, kwa mzaha.

Mwalimu alisikiliza kwa uaminifu. "Wawili," alisema.

Hiyo ndiyo iliyotundikwa juu ya kaunta. Ndugu wawili, bega kwa bega, hakuna pengo, unaweza kuhesabu nyuzi za kola zao. Ukuta uliikubali mara moja. Duka la pili likafunguliwa, na nakala yake ikatundikwa huko pia, na asubuhi ya kwanza trei ya huko nayo ikaja kwenye kaunta yenyewe, maana Kitinda alikuwa amempeleka mkewe akasaidie. Kamera ilikaa jikoni kwenye rafu ya hamira na chumvi, ikiwa imefunikwa.

Asubuhi iliyofuata mikate ya mwanzo ilitoka tanurini. Hamira aliipanga kwenye trei, akajifuta uso, akaitazama picha ya msumarini, akasukuma mlango kwa nyonga na kutoweka. Nyuma ya kaunta aliona pamebana kuliko siku zote.

"Mama, sogea kidogo," alisema chini chini, na kaunta ikapata nafasi.

Foleni ilisonga. Watu walitaja, wakapewa, wakaishukuru rafu. Foleni ilipokatika, binti mdogo wa Kitinda aliingia kutoka barabarani, akasimama mbele ya kaunta, akakenua meno. Hamira alichukua skonzi moja ya moto, akaishusha mpaka kwenye kimo chake.

"Asante, duka," alisema mtoto.

"Si duka. Ni mimi, shangazi yako."

Mtoto alitafuna, akilitafakari jambo hilo. "Shangazi yuko jikoni," alisema kwa upole, kama anayemwelewesha mtu mzima, akatoka na skonzi zake barabarani. Zilikuwa mbili. Hamira alikuwa amempa moja.